Mlio wa Injini Baridi

Boneti ilikuwa wazi, na baba alikuwa ameegemea madigadi huku akitabasamu kama bwana harusi. Ndani, mahali palipokuwa na chuma kilicholiwa na kutu kwa miaka mingi, sasa paling'aa manifodi mpya: mikono minne ya chuma iliyopinda kwa madaha, inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda na kuupeleka kwenye ekzosi. Haikuwa ya kiwanda kilichounda gari. Ilitengenezwa na watu wengine, kwa ajili ya wale wanaotaka gari livute zaidi na wapite mtaani wakigeuziwa shingo.

"Umeona, Fundi?" baba alisema. "Shemeji yako kanifungia. Kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi moja tu!"

Fundi, binti yake mkubwa, maana hilo ndilo jina aliloitwa gereji na nyumbani pia, aliona. Alimwona na shemeji mwenyewe, mume wa mdogo wake, amesimama nyuma ya baba akimshikia koti. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, watu walimwita Barafu. Fundi alilipenda jina hilo kwa sababu zake binafsi.

"Hebu liwashe, asikie," baba alimwambia mkwewe.

Walikuwa wametoka mtaa wa pili tu, na injini ilikuwa haijashika joto. Barafu akaingia, akawasha. Gari likanguruma, na chini ya ule mngurumo, upande wa silinda ya tatu, Fundi akausikia: tik, tik, tik, tik, mlio mwembamba na mkavu, kama kucha inayogonga sahani. Moshi ulikuwa unavuja kabla ya kuingia kwenye bomba. Hata mteja asiyejua gia ni nini angegeuza kichwa.

"Kimya kabisa," baba alisema. "Haivuji hata chembe. Au siyo?"

Fundi alimtazama shemeji yake kupitia kioo cha mbele. Barafu alikuwa ameinamia usukani kana kwamba pameandikwa kitu. Lilikuwa ni suala la kutamka neno moja tu, na Fundi alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Badala yake alijifuta mikono kwa tambara, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Inapendeza, baba," alisema. "Hongera sana, shemeji."

Kabla hatujamlaumu, tumsikilize kidogo. Alikuwa na miaka tisa baba alipoanza kumfunga kitambaa machoni na kumkalisha kando ya magari ya watu. Mkanda ukilegea unaliaje? Beringi ikianza kulika je? Vali inayogonga ina tofauti gani na pistoni inayogonga? Alipokosea, baba alizima injini, akaiwasha tena, wala hakusema kitu mpaka apatie. Mdogo wake alinunuliwa wanasesere akaachwa acheze. Yeye alipewa injini, naye alijua bila kuambiwa kwamba huo ndio urithi wa nyumba ile, na kwamba hagawani na mtu.

Baba alipostaafu alimwachia gereji, lakini hakuiacha. Kila asubuhi alikuja akaketi karibu na mlango, kwenye kiti kilichong'olewa kutoka basi bovu, na kila gari sugu lilipoingia Fundi alimwita: "Baba, njoo usikilize hili." Mzee alisikiliza, akatoa hukumu, na wateja wakatazamana kwa mshangao. Fundi mara nyingi alikuwa ameshajua jibu. Aliita kwa raha ya kusikia majibu mawili yakilingana.

Kisha, yapata miezi saba iliyopita, baba aliacha kuja. Kwanza alisingizia mgongo. Baadaye alisingizia vumbi. Mwishowe hakusingizia chochote. Lakini nyumbani kwa mdogo mtu, mgongo haukuuma wala vumbi halikuwako! Ungemkuta barazani na Barafu, wameketi bega kwa bega, vichwa vimeinamiana kama wasichana wenye siri ya mchumba. Mjini walikwenda pamoja. Waliporudi, baba alimtania, akamwita mwanangu. Na sasa gari hili, ambalo kwa miaka kumi na minne hakuna mkono mwingine uliogusa injini yake isipokuwa wa baba na wake, limefunguliwa na mtu wa majokofu.

Ilimuuma, tuseme ukweli. Ilimuuma akiwa amelala chali chini ya magari, ikamuuma akipiga mswaki. Kuna siku alimtafutia Barafu makosa ambayo hata adui asingeyapata: namna anavyokunywa chai bila kutoa sauti, namna anavyosema "sawa" kabla hujamaliza sentensi. Alijua kwamba ni kijicho. Kujua hakukupunguza kitu.

Ndiyo maana ule mlio aliuweka kama mtu anayeweka peremende mfukoni. Aliujua utakavyoendelea. Gasketi, ule utando unaoziba kati ya manifodi na injini, itaungua polepole, tundu litapanuka, na siku moja gari litapiga kelele kama trekta. Hapo baba atakuja mwenyewe, kichwa chini, aseme, "Fundi, mwanangu, hebu niangalizie." Naye atauliza kwa upole, kana kwamba hajui, "Kwani lilifungwa na nani?" Sauti ya kuulizia aliifanyia mazoezi. Jumatatu aliijaribu kwa ukali kidogo, Jumanne akaona upole unachoma zaidi.

Alhamisi jioni mdogo wake alimpigia simu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na kila asubuhi baba alimpeleka kwa gari shuleni alikofundisha.

"Dada, wewe hukuwahi kubeba mimba, lakini labda umesikia kwa watu," alisema kwa utani wao wa siku zote. "Kichwa kinanigonga asubuhi mpaka naona nyota. Na kutapika nilishakuacha mwezi wa nne, sasa kumerudi."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Kinaanza nikiwa njiani, nikikaa darasani saa moja kinaisha. Nafikiri ni mwendo wa baba, si unamjua kwa mashimo, hakwepi hata moja."

Fundi alikuwa amesimama. Akaketi juu ya tairi.

"Mnafungua vioo?"

"Na baridi hii? Baba anafunga vyote na kuwasha hita."

Hakuhitaji kufikiri. Moshi unaovujia chini ya boneti unavutwa na hita na kuingizwa ndani, na ndani yake mna hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlevya mtu taratibu hadi alale asiamke. Jambo hilo ndilo la kwanza alilomwambia kila mteja mwenye ekzosi mbovu. Alilijua Jumapili akiwa amesimama mbele ya boneti. Siku nne nzima alikuwa ameiwazia aibu ya Barafu kwa undani mno hata akasahau kwamba gari lina watu ndani.

"Kesho usilipande," alisema. "Wala baba asiliguse. Nitakuja asubuhi, nilikute baridi."

"Kuna nini, dada?"

"Usilipande tu, nakuomba."

Asubuhi alifika akiwa na kisanduku cha spana. Mdogo wake alikuwa bafuni, baba alikuwa sebuleni na chai yake, na Barafu alitoka uani na ndala, uso haujakauka maji. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya kamba ya kuanikia nguo, mashuka ya jirani yakining'inia upande wa pili wa ukuta mfupi.

"Washa," Fundi alimwambia, bila salamu.

Tik, tik, tik. Ulikuwa umekua, kama alivyotabiri, na hakupata raha yoyote kwa kutabiri sawasawa.

"Nenda nyuma ukazibe mdomo wa ekzosi kwa tambara hili. Kwa sekunde chache tu, usilishindilie."

Barafu akachutama, akaziba. Moshi ulipokosa njia ya kutokea, ulitafuta ule upenyo, na mlio ukageuka kuwa mfoko, shiii, hapo hapo kwenye silinda ya tatu. Fundi akanyanyua mkono kumwashiria aachie. Alipogeuka alikuta shemeji yake ameingia stoo na kutoka na chupa ya kupulizia maji ya sabuni, ile anayoitumia kusakia gesi inayovuja kwenye mabomba ya majokofu. Hakuomba ruhusa. Akapuliza mahali manifodi ilipokutana na injini, na povu likafutuka kwenye silinda ya tatu, kisha kwa uchache kwenye ya nne.

Ya nne Fundi hakuwa ameisikia. Hilo nalo lilimkera.

"Zima," alisema. Injini ilipozimika, aliivuta pumzi aliyoisubiri wiki nzima. "Sasa niambie, shemeji. Hukusikia? Umelifunga, umeliwasha, umekaa ndani yake. Mkeo mjamzito analipanda kila siku. Hukusikia kabisa?"

"Nilisikia," Barafu alisema. "Nilisikia siku ile ile, kabla hata hatujaja kwako."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Na ukanyamaza?"

Barafu alitazama mlango wa sebuleni. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na haja. "Baba alisema ipo kimya. Alisema mara tatu, kwa furaha. Ningesemaje mbele yako kwamba inalia?" Akaipangusa chupa yake ya sabuni kwa kanzu ya kulalia. "Shemeji, baba hasikii. Sikio la kushoto limeshakufa. La kulia linasikia mtu akiwa karibu, tena sauti nene. Milio myembamba kama hii haipati kabisa."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba nyingine.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Nilimpeleka hospitali kupimwa, akanilisha kiapo. Hata mke wangu hajui."

"Lini?"

"Ina miezi saba sasa."

Kila kitu kikahama mahali pake. Mgongo, vumbi, kiti cha basi kilichobaki kitupu, ule ukaaji wa bega kwa bega barazani, Barafu kila mara upande wa kulia. Mtu mwema angesikia huruma kwanza. Fundi huruma ilimjia, lakini ilichelewa. Lililotangulia lilikuwa kijicho kile kile. Manifodi haikuwa kitu. Angeweza kumfungia manifodi kumi! Lakini baba alipokuwa anaogopa, alikuwa na watoto wawili wa kuzaa, mmoja wao aliyefundishwa kusikia kwa kufungwa macho, na akaenda kumwambia mtu wa kuoa.

"Kwa nini wewe?" aliuliza, na sauti ilimtoka vibaya.

"Mimi sijawahi kumjua akiwa anasikia kuliko watu wote," Barafu alijibu. "Kwangu ni mzee tu ambaye masikio yamechoka. Kwako..." Akalitazama gari. "Nakiri nimekosa kwa mke wangu. Nilidhani nimeliziba tundu. Jumatatu baba alipolala mchana nilirudia kukaza nati zote, lakini hazikuzunguka hata robo. Nikasema basi, kama zimekaza hivi, kinachovuja hapo ni nini? Nikapaka ile gundi ya injini isiyoungua kwa moto, nikamwomba Mungu."

Fundi alishika spana kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kweli nati zilikuwa zimekaza. Akaiacha spana, akaishika manifodi yenyewe kwa tambara, akaitikisa. Ikacheza; kidogo sana, unene wa karatasi.

"Nati zimekaza, lakini hazijabana," alisema. "Tazama. Bapa la hii mpya, hapa inapoungana na injini, ni jembamba kuliko la ile ya kiwandani. Nati inazunguka mpaka inafika mwisho wa uzi wa boliti, inagoma pale, wewe mkononi unaona imekaza. Kumbe haijaligusa bapa sawasawa. Inataka washa mbili chini ya kila nati, hizi pete bapa, basi."

"Sikulijua hilo."

"Ungelijulia wapi?" Ilikuwa ndiyo sentensi nzuri ya kwanza kumwambia tangu harusi yake, na hata hiyo ilikuwa na mwiba.

Mlango ukafunguka. Baba alitoka na kikombe mkononi, akiwa amevaa koti tayari kwa safari ya shuleni.

"Mnalifanya nini gari langu asubuhi yote hii?" aliuliza kwa nguvu. Fundi alishangaa kwamba hakuwahi kujiuliza kwa nini siku hizi baba anazungumza kwa nguvu.

"Linavuja, baba."

Baba hakuitazama injini. Hakumtazama na yeye. Alimtazama Barafu, moja kwa moja, na Barafu akainamisha kichwa kama mtu aliyevunja chombo cha ugenini.

"Umemwambia," baba alisema.

Hapo ndipo Fundi alipopewa kila alichokuwa akikitaka. Neno moja, tena la kweli: ndiyo, ametoboa siri yako. Kiapo kimevunjwa, tena na huyo huyo mwanangu wa kila siku. Baraza lingekuwa tupu kuanzia leo, na baba angerudi kwenye kiti chake cha basi, kwa kuwa angekosa pengine pa kwenda. Alimwona Barafu akilisubiri neno hilo bila kujitetea, na alichukia kwamba hata kujitetea hajui.

"Nimesikia mwenyewe," alisema. "Jumapili ile."

"Jumapili?" Baba aligeuka taratibu. "Pale gereji? Mimi nikiwa nimesimama hapo?"

"Ndiyo."

"Na hukusema. Siku zote hizi, mdogo wako anapanda. Kwa nini?"

Fundi aliangalia spana zake. "Wivu," alisema.

"Eh?"

"Ni wivu, baba."

Baba alimkabidhi Barafu kikombe. Kisha akafanya jambo ambalo Fundi hakuwahi kumwona akilifanya: akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaliinamisha kuelekea kwake. "Sema kwa nguvu, mwanangu. Hili la huku limekwisha, na hili lililobaki linafuata mwenzake. Sipati kitu."

Alikuwa amelisema. Kwake yeye, mbele ya jua, bila kiapo. Na sasa akawa anangoja Fundi naye amlipe kwa kusema lake.

"Nilikuwa na wivu!" Fundi alipaza sauti. Dirisha la bafuni likafunguka, na kichwa cha mdogo wake kikatokeza na povu la sabuni. Upande wa pili wa ukuta, jirani aliyekuwa anaanika mashuka akasimama na kibanio mdomoni. "Nilimwonea wivu Barafu! Unakaa naye, unakwenda naye, umempa gari lako! Nikataka liharibike, urudi kwangu!"

Maneno yalijaa uani yakavuka ukuta. Baba alishusha mkono. Alikuwa ameyapata yote, hilo lilionekana.

"Pale gereji," alisema kwa ile sauti yake kubwa isiyojua siri, "gari lilikuwa likiingia, wewe unageuza kichwa. Mimi bado natafuta kama limewashwa au limezimwa. Kisha unaniita, 'Baba, njoo usikilize.' Mbele ya watu. Naweka sikio, nakutazama usoni, nakisia. Unadhani ilikuwa raha kukaa kwenye kile kiti?"

Fundi alizikumbuka hukumu za miezi ile ya mwisho, zote zilizolingana na zake, na jinsi alivyokuwa akifurahi.

Mdogo wake alitoka akiwa amejifunga khanga, nywele zinachuruzika, akauliza kama kuna mtu atakayemweleza kwa nini dada yake anapigia kelele mtaa mzima. Hakuna aliyemweleza. Walingoja chuma kipoe. Fundi alifungua nati moja baada ya nyingine, akabadilisha gasketi, akapanga washa mbili mbili, akakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, na Barafu akamshikia taa bila kuambiwa aiweke wapi. Alikuwa na mkono mzuri wa kushika taa, jambo lililobidi likubaliwe.

"Washa," Fundi alimwambia mdogo wake, aliyekuwa ameingia kwenye kiti cha dereva, vioo vyote vinne vimeshushwa.

Injini ikanguruma. Fundi aliinama akasikiliza silinda ya kwanza, ya pili, akakaa zaidi kwenye ya tatu na ya nne. Alipoinuka, baba alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, na hakuwa anajifanya anasikiliza. Alikuwa anamtazama yeye usoni, akingoja. Fundi akatikisa kichwa: haivuji.

Baba alikubali, kama nusu hivi. Kisha macho yake, kwa mazoea, yakaanza kuteleza pembeni, yakipita juu ya bega la binti yake kwenda kumtafuta Barafu aliyesimama nyuma na taa yake.

Fundi akasogea hatua moja kushoto, macho yakamkuta tena yeye.